Mchora Katuni Si Mchekeshaji wa Gazeti

Historia ya magazeti ya Uganda inaposimuliwa, hutajwa wahariri, wamiliki, na wakuu wa serikali waliowatia wahariri ndani. Mchora katuni hupitwa, au hutajwa mwishoni kama mtu aliyekuwa akitupunguzia uchovu wa kusoma. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu ambazo nimezisikia mara nyingi mno hapa Kampala. Naona kila moja inashindwa na mambo yaliyotokea katika jiji hili hili.

Husemwa kwanza kwamba kuchora ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Mtoto akijaza pembezoni mwa daftari sura za walimu wake, mzazi huona ada inapotea. Basi tumtazame James Tumusiime. Alibuni Bogi Benda, mhusika wa katuni aliyependwa na wasomaji wa Kenya na Uganda. Baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa gazeti la New Vision, na mwaka 1988 akaanzisha Fountain Publishers, kampuni ambayo vitabu vyake vimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa nchi hii. Kisha akajenga kituo cha utamaduni cha Igongo karibu na Mbarara. Jimmy Spire Ssentongo, ambaye wasomaji wa The Observer wanamjua kwa jina la Spire, ni msomi wa falsafa mwenye shahada ya uzamivu na mwalimu wa chuo kikuu. Na tangu 1937, Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa nyumbani kwake, Kampala imekuwa na shule ya uchoraji ambayo baadaye ilikua ikawa sehemu ya Makerere. Mtanganyika Sam Ntiro alipita hapo kabla ya kuwa balozi wa nchi yake London. Shule hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya katuni, ni kweli. Lakini katika jiji lenye historia hiyo, kumwambia kijana kwamba kalamu ya kuchorea haina elimu ni kumdanganya.

Hoja ya pili ni kwamba katuni ni utani, na utani hausumbui mtu. Polisi wa Uganda hawakubaliani nayo. Mwaka 2009 jarida la The Independent lilichapa katuni iliyomkejeli Rais Museveni kwa kuwarudisha kazini viongozi wa Tume ya Uchaguzi, huku uchaguzi wa 2011 ukikaribia. Wahariri wa jarida hilo, Andrew Mwenda akiwamo, waliitwa kuhojiwa. Waliitwa kwa ajili ya mchoro mmoja, si kwa uchunguzi wa kurasa kumi wala kwa nyaraka za siri. Wakati huo sheria ya uchochezi ilikuwa bado inafanya kazi. Mahakama ya Katiba iliibatilisha Agosti 2010, katika shauri ambalo Mwenda mwenyewe alikuwa mmoja wa walalamikaji. Jirani zetu wanajua habari kama hiyo. Gado, Mtanzania aliyeanza kuchorea Nation ya Nairobi mwaka 1992, alimchora Rais Kikwete katika The EastAfrican, na mwaka uliofuata, 2016, mkataba wake haukufanywa upya. Aliyewahi kuitwa na polisi kwa sababu ya mchoro hawezi tena kuambiwa kwamba anafanya mchezo.

Dai linaloniudhi zaidi ni lile la tatu, kwamba katuni haibadilishi chochote. Aprili 2023 Ssentongo aliwaalika Waganda kwenye maonyesho. Hapakuwa na ukumbi wala tiketi. Kila mtu alitakiwa kupiga picha ya shimo la barabara ya mtaani kwake na kuiweka Twitter, kana kwamba ni kazi ya sanaa inayongoja watazamaji. Kampala nzima ikajitokeza. Watu walileta mashimo yenye maji, mashimo yaliyopandwa migomba, mashimo ambayo boda boda huyakwepa kwa kuingia upande wa magari yanayokuja. Siku chache baadaye Rais aliagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 kwa Mamlaka ya Jiji kuziba mashimo.

Atasema mtu kwamba hizo zilikuwa picha za simu, si katuni. Mikono ilikuwa ya wananchi, nakubali, lakini wazo ni la mchora katuni hasa. Kuliita shimo onyesho, kulipa heshima ambayo halistahili ili aibu imwendee aliyeliacha, ndicho Ssentongo anachofanya kila wiki gazetini kwa wino. Bilioni 6 hazikuiponya Kampala, na sitadai hivyo. Hata hivyo utaratibu ule haukuishia barabarani. Maonyesho ya hali ya hospitali yalifuata, na mapema 2024 Ssentongo, wanaharakati Agather Atuhaire na Godwin Toko, na wenzao wakaligeukia Bunge, wakaanika hadharani jinsi fedha zake zinavyotumika. Miezi michache baadaye, Julai, vijana walijaribu kuandamana hadi Bungeni kupinga ufisadi, na makumi yao wakakamatwa. Sisemi katuni iliwatoa nyumbani. Nasema mchora katuni alikuwa miongoni mwa waliowafundisha Waganda kuonyesha ubovu kwa ushahidi na kwa kejeli pamoja.

La mwisho halihitaji maneno mengi: kwamba simu zimeiua kazi hii. Gazeti linauzwa kidogo kuliko zamani, hilo linajulikana. Lakini katuni ya wiki ya Ssentongo hufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla gazeti halijafika Wandegeya, na inasomwa na watu ambao hawajawahi kununua The Observer. Wasomaji wameongezeka, kilichopungua ni malipo. Wengi wanaoisambaza hukata sahihi ya mchoraji pembeni, na hakuna senti inayomrudia. Mhariri anayelalamika kwamba vijana hawataki tena kuchora angeanza na mambo mawili: alipe kwa kila mchoro anaotumia, mtandaoni na kwenye karatasi, na kila mchoro anaouhifadhi auandikie jina la mchoraji na tarehe. Nimefungua majalada ya magazeti ya zamani yenye katuni kali zisizo na jina lolote, na waliozichora hatuwezi tena kuwalipa wala kuwashukuru.