UCHAMBUZI: Nani atacheka Mmeru akitania kwa Kichina?

KATIKA mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, Februari 2018, runinga ya taifa ya China ilipeperusha mchezo mfupi wa kuchekesha uliohusu reli ya Mombasa-Nairobi. Mwigizaji wa Kichina alijipaka rangi nyeusi, akajifunga makalio ya bandia na kujitwika matunda kichwani ili aonekane mama wa Kiafrika. Aliandamana na mtu aliyevishwa vazi la tumbili.

Lawama zilimiminika kutoka pembe nyingi za dunia, nayo serikali ya China ikajitetea kwamba inapinga ubaguzi wa rangi. Ghadhabu zilipopoa, swali moja lilibaki bila jibu. Je, ni nani mwenye kauli pale Mwafrika anapofanyiwa mzaha kwa Kichina?

Swali hilo linawahusu vijana wa Meru na Embu sawa na wenzao wa Nairobi. Mnamo 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza barani Afrika kupata Taasisi ya Confucius ya kufundisha lugha na utamaduni wa China. Vyuo vikuu vya Kenyatta, Egerton na Moi vilifuata. Mapema 2019, serikali ilitangaza kwamba Kichina kingefundishwa katika shule za msingi kuanzia Gredi ya Nne mwaka uliofuata, ingawa hadi leo si rahisi kumpata mwalimu wa somo hilo katika shule ya kutwa ya Tigania au Mbeere.

Mshirika wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika taasisi hiyo ni Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa Tianjin, pamoja na Beijing, ndiyo kitovu cha xiangsheng, malumbano ya ucheshi yaliyoshamiri katika karne ya 19.

Katika sanaa hiyo, watu wawili husimama jukwaani na kujibizana. Mmoja huongoza mzaha. Mwenzake huitikia, hushangaa, hupinga na kumchokoza mpaka kicheko kilipuke. Msanii hupimwa kwa mambo manne: kusema, kuiga, kutania na kuimba. Msomaji aliyezoea ngonjera, utungo wa majibizano uliovumishwa na Mathias Mnyampala wa Tanzania, hatakuwa mgeni sana hapo.

Ugumu umo katika sauti. Kichina sanifu kina toni nne, na mizaha mingi huzaliwa pale maneno yanapokaribiana kimatamshi. Chukua neno "mai". Likitamkwa kwa toni ya tatu, maana yake ni kununua. Likitamkwa kwa toni ya nne, ni kuuza. Mwanafunzi akiteleza hapo, atakuwa ameuza alichotaka kununua.

Hapa ndipo watu wa Mlima Kenya wana akiba ambayo hawajaitambua. Kiswahili hakina toni, lakini Kimeru na Kiembu ni lugha za toni. Toni za Kibantu haziendi kama za Kichina, na mwanafunzi bado atatoka jasho. Hata hivyo, sikio lililolelewa Igembe au Runyenjes linajua tangu utotoni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Ni ajabu kwamba shule zetu zimekuwa zikiiona lugha ya mama kuwa kikwazo cha kujifunzia lugha nyingine.

Wapo wageni waliotangulia. Mark Rowswell, raia wa Canada, alipata umaarufu nchini China mnamo 1988 kwa jina la Dashan alipotokea katika kichekesho cha runinga, kisha akafunzwa xiangsheng na bingwa Jiang Kun. Bingwa mwingine, Ding Guangquan, alifundisha wageni wengi, miongoni mwao Francis Tchiégué wa Cameroon.

Tatizo ni kwamba mgeni anayekariri mzaha wa Kichina anaweza kushangiliwa kama kasuku anavyoshangiliwa. Watazamaji hustaajabia kwamba ameweza kusema, wala hawajali amesema nini. Katika miaka ya 2010, Rowswell aligeukia kusimama jukwaani peke yake na kusimulia kwa Kichina visa alivyotunga mwenyewe. Kati ya kukariri na kutunga ndiko kuliko na tofauti ya kuchekwa na kuchekesha.

Wakenya wanaijua tofauti hiyo vyema. Marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeaga dunia mnamo 2015, aliwavunja mbavu watazamaji wa Vitimbi kwa miaka mingi akiwa Mzee Ojwang', kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Alidumu kwa sababu alimpa mhusika wake utu, akili na hata hila. Lau angemfanya mjinga wa kudhihakiwa, asingependwa Kisumu alivyopendwa Nyeri.

Wameru nao wamechekwa sana kwa lafudhi yao na kwa miraa. Wachekeshaji kama MC Jessy, mzaliwa wa Meru, waliposhika kipaza sauti wenyewe, mzaha ulipata mwenyewe. Somo hilo ndilo wanalopaswa kubeba wale wanaokwenda kujifunza Kichina.

Kuna watakaosema kwamba haya ni anasa na kwamba kijana anahitaji Kichina cha kazi, si cha vichekesho. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau jinsi biashara inavyoendeshwa. Embu na Meru ni miongoni mwa ngome za makadamia nchini, na China ni soko kubwa la njugu hizo. Kenya ilipiga marufuku uuzaji nje wa njugu ghafi zenye maganda mnamo 2009, kisha ikalegeza marufuku hiyo kwa muda mwishoni mwa 2023, baada ya bei kuporomoka na wakulima kulalamika.

Katika soko kama hilo, mkulima asiyejua lugha ya mnunuzi humtegemea mtu wa kati. Na anayejua maneno ya bei pekee hatambui pale anapofanyiwa stihizai mbele ya uso wake. Aliyefunzwa utani husikia kilichosemwa na kilichofichwa.

Hata hivyo, tusijidanganye. Taasisi za Confucius ni chombo cha kueneza ushawishi wa China, na ucheshi nchini humo una mipaka yake. Mnamo Mei 2023, kampuni moja ya wachekeshaji ilitozwa faini ya zaidi ya yuani milioni 13 kwa sababu ya mzaha mmoja ulioonekana kulikejeli jeshi. Kikundi cha Redykyulass kilimwiga Rais Moi akiwa bado madarakani. Uhuru huo ulipiganiwa, na mwanafunzi wetu asiuache mlangoni anapoingia darasa la Kichina.

Kwa hiyo, walimu wasiishie kuwakaririsha wanafunzi mizaha ya Beijing kwa ajili ya mashindano. Wawape kazi ya kutunga malumbano yao: mnunuzi wa makadamia na mama wa Manyatta, au fundi wa barabara na mzee wa Maua mwenye kitita chake cha miraa. Mchina awe katika kisa hicho, naye achekwe kwa haki kama wengine.

China ina watunzi wa kutosha wa kumchora Mwafrika. Mtunzi anayekosekana ni Mwafrika atakayemchora Mchina, kwa Kichina, mpaka Mchina mwenyewe acheke na kukiri kwamba amepatikana.