NJIA YA NYUMBU NA NDEGE WA MTONI

Wako wasemao kwamba kutazama ndege ni anasa ya mabwana wasio na kazi. Maneno hayo hatuyakubali, na ushahidi wetu uko kandokando ya mto Potomac, nchini Marekani.

Huko iko njia ya miguu ya kilomita 297, kutoka Cumberland hadi Washington. Haikufanywa kwa ajili ya matembezi. Mwaka 1828 ulianza kuchimbwa mfereji wa mashua, na wachimbaji wake wengi walikuwa maskini waliotoka Ireland. Kipindupindu cha mwaka 1832 kiliwaua wengi. Nyumbu waliovuta mashua walipita njia hiyo mpaka 1924, mafuriko yalipoikomesha kazi.

Baadaye wakuu wakataka kuifanya barabara ya magari. Mwezi wa Januari 1954 gazeti la Washington Post likaliunga mkono shauri hilo katika tahariri yake. Jaji William O. Douglas akawaandikia wahariri, akiwataka watembee naye njia nzima wajionee wenyewe. Wakaenda, mwezi wa Machi. Waliotembea mpaka mwisho ni watu 9 tu. Wahariri hawakuwamo (malengelenge hayajali kalamu ya mtu), lakini waliporudi waliubadili msimamo wao. Mwaka 1971 mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa.

Tazameni basi kilichookolewa. Kila mwezi wa Aprili huwasili hapo ndege mwimbaji mwenye kichwa cha rangi ya dhahabu na mabawa ya kijivu, uzito wake gramu zipatazo 15. Wengi wa jamii yake hukaa miezi ya baridi nchini Kolombia, kisha husafiri usiku kwa usiku kurudi kaskazini. Hujenga kiota tunduni mwa mti ulio karibu na maji, aghalabu mti uliokufa. Apitaye kwa gari hamwoni wala hamsikii. Amwonaye ni yule aendaye polepole, awe jaji au mfagiaji, kwa maana njia ile haimwulizi mtu cheo chake.

Kwa hiyo twasema wazi: mti uliokufa ukingoni, kama hauhatarishi wapita njia, usikatwe kwa kisingizio cha usafi. Wapendao bustani zilizonyolewa watanung'unika. Na wanung'unike, mpangaji wa tundu lile ametoka mbali kuliko wao.