Ongeza Tu

Yapo maneno mawili ambayo, kwa maoni yangu, yamemaliza magari mengi ya Dar es Salaam kuliko mashimo ya barabarani. Maneno hayo ni "ongeza tu." Rejeta inavuja? Ongeza maji tu. Oili ya gia boksi imepungua? Ongeza tu, tutaangalia mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi ukifika tunaongeza tena, kisha tunamshukuru Mungu kwamba gari bado linatembea.

Siandiki haya kama mtu aliye safi. Nimeyasema maneno hayo kwa muda wa miezi 7. Gari langu ni la Kijapani, la gia za otomatiki, lililotengenezwa mwaka 1998, nami nililipokea likiwa limekwisha kutumika na wengine. Asubuhi moja mke wangu alikuwa akifagia uani, akaniita. "Baba, njoo uone, gari lako linatoka damu." Nikatazama doa jekundu mchangani, nikamjibu kwa sauti ya mtu mjuzi: "Gari la zamani lazima livuje."

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipiga vita leo, maana linasikika kama hekima kumbe ni uvivu uliovaa kanzu. Uzee hauvuji. Kinachovuja ni kitu fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Mpira umekauka kwa joto ukapasuka, sili imekomaa ikawa ngumu, klipu imelegea, mfuniko wa rejeta umechoka. Kila kimoja kina jina lake na bei yake dukani. Anayesema "ni uzee" amekataa kutafuta jina la ugonjwa, na ugonjwa usio na jina hautibiwi.

Tena gari halifichi maradhi yake. Weka kipande cha katoni chini yake usiku, asubuhi usome. Maji meupe yasiyo na harufu, upande wa abiria, ni ya kiyoyozi, usihangaike nayo. Oili nyeusi au ya kahawia ni ya injini. Oili nyekundu, laini, yenye kuteleza vidoleni, aghalabu ni ya gia boksi au ya usukani. Kulanti huwa ya kijani, au nyekundu, au ya waridi, lakini ni nyepesi kama maji na harufu yake ina utamu. Kwa kuwa zote mbili zaweza kuwa nyekundu, usiamini jicho peke yake. Gusa, usugue kidole kwa kidole, kisha unawe mikono. Somo lote hili halichukui dakika 5, nami niliyefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi sikuona haja ya kujifunza kusoma katoni.

Ukweli ni kwamba gari langu lilikuwa na magonjwa mawili madogo. Bomba la mpira lipelekalo oili ya gia boksi kwenye rejeta lilikuwa limepasuka kidogo, na mpira wa chini wa maji ulikuwa ukidondosha pale kwenye klipu. Kila wiki 2 nilinunua chupa ya oili ya gia. Kila asubuhi nilitia maji. Maji gani? Ya kisima cha jirani, ambayo sisi wenyewe hatuyanywi kwa sababu ya chumvi. Tunajua kwamba maji hayo yanatoboa mabati na kuziba birika, halafu tunayamimina ndani ya injini.

Hapo ndipo ugonjwa wa tatu ulipozaliwa, na huo niliuzaa mwenyewe. Katika magari mengi ya otomatiki, ndani ya tangi la rejeta mna kipoozeo kidogo ambamo oili ya gia boksi hupita ili ipoe. Oili iko ndani, maji yako nje yake, na kati yao pana ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ule ukiliwa na kutu, injini inapozunguka oili husukumwa kuingia kwenye maji, kwa kuwa pampu ya gia boksi ina nguvu zaidi. Ukizima gari, pampu inasimama lakini maji ya moto bado yana mgandamizo, nayo yanarudi kuingia kwenye oili. Vitu viwili ambavyo havikupaswa kuonana vinakuwa uji mmoja, wenye rangi ya uji wa ulezi ulioungwa maziwa. Niliuona uji huo kwenye mdomo wa rejeta siku ya Jumapili. Nikajiambia, ni uchafu wa maji tu. Nikaongeza.

Jumatano yake nilikuwa nimeahidi kumpeleka dada yangu mkubwa kliniki mjini. Ana umri wa miaka 71, anakaa Kibaha, na miadi ile alikuwa ameingoja kwa muda mrefu. Tulipofika Kimara, injini ikawa inaunguruma lakini gari haliendi. Nikaweka gia ya mbele, kimya. Gia ya nyuma, kimya. Dada akashuka akakaa kwenye ukingo wa mtaro, mkoba wa vyeti vyake mapajani, magari ya Barabara ya Morogoro yakitupita. Tulipopata usafiri mwingine na kufika, orodha ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa. Akapangiwa tarehe nyingine, wiki 6 mbele.

Njiani kurudi aliniambia, "Usijali, mdogo wangu. Magari ndivyo yalivyo."

Maneno hayo yaliniuma kuliko angenitukana. Magari sivyo yalivyo. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Dada yangu alimsamehe mtu kwa kulilaumu gari, na huo ndio msamaha tunaopeana sisi sote kila siku. Chombo kikizama tunasema bahari ilichafuka, hatuulizi nani aliacha kukalafati.

Wapo watakaosema mkosaji ni fundi. Ni desturi yetu kumlaumu fundi, na mafundi wengine wanastahili. Wapo wanaong'oa thamostati na kuitupa, wakidai nchi ya joto haiihitaji. Ajabu ya dai hilo! Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Iliwekwa ili injini ifikie joto lake la kazi, kiasi cha nyuzi 80 hadi 90, na kubaki hapo. Ukiitoa, injini inakula petroli zaidi na kuchakaa mapema, na katika baadhi ya magari maji hukata njia ya mkato bila kupita vizuri kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha. Wapo pia wanaotia ute wa yai kwenye rejeta ili kuziba tundu. Tundu linazibwa kweli, na vijia vyembamba vya rejeta navyo vinazibwa.

Lakini nani anawafundisha? Sisi wateja. Tunafika gereji tukiwa na haraka na fedha kidogo, tunasema "fanya fanya hivyo hivyo litembee." Fundi mwenye kusema kweli tunamwona mwizi, na yule mwenye yai tunamwona mtaalamu. Siku ile gari lilipovutwa hadi gereji, nilimwomba fundi kijana amwage oili ile na kutia mpya tu. Alikataa. "Mzee," akasema, "maji yameshaingia kwenye sahani za klachi. Gundi inayoshika zile karatasi zake inaachia. Nikikuwekea oili mpya leo, kesho kutwa utarudi ukiniita tapeli." Nilikasirika kwanza. Baadaye nikatambua kwamba katika miezi 7 huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenikatalia.

Wazee wenzangu watanijibu kwamba sisi tumelelewa kwa kubuni. Naam, nakumbuka. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na spea ilitafutwa kama dawa. Aliyeziba tangi la petroli kwa sabuni ya kipande alikuwa shujaa, kwa kuwa hapakuwa na tangi jingine. Sidharau ubunifu ule hata kidogo. Lakini milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, na leo ukienda Gerezani, Kariakoo, mipira na sili vimetundikwa kama ndizi sokoni. Kufanya leo kile tulichokifanya kwa dhiki wakati ule si ubunifu. Ni mazoea yanayokula heshima ya ubunifu wa zamani.

"Lakini hatuna fedha." Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa hiyo nilikaa na daftari. Chupa 2 kwa mwezi kwa miezi 7 ni chupa 14. Ule mpira uliopasuka, pamoja na klipu zake na kazi ya fundi, haukufika bei ya chupa 3. Mwishowe nililipia rejeta nzima na gia boksi iliyotumika, na fedha hizo nilizikopa. Mwenye fedha nyingi anaweza kumudu kuongeza tu. Maskini hawezi.

Na kile kilichodondoka kilikwenda wapi? Kilikwenda uani, mchangani, karibu na kisima kile kile. Kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni sumu yenye utamu. Paka akiilamba atakufa, na mtoto hajui kutofautisha. Tukisema "linavuja kidogo tu," tukumbuke kwamba ardhi haina kidogo. Inapokea vyote.

Basi nayasema ninayoyafanya sasa. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, nafungua boneti. Natazama maji, kwa maana mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Napima oili ya gia kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Nachungulia katoni. Kikipungua kitu, naongeza, ndiyo, lakini naandika tarehe na kipimo kwenye daftari, na kikipungua mara ya pili naenda kwa yule kijana aliyenikatalia. Dada yangu tulimpeleka baada ya zile wiki 6, na tulifika kabla ya saa 1. Alipanda gari bila kuuliza kitu. Mimi ndiye niliyechungulia katoni mara mbili usiku ule.