Bango lako la Busia lina sura ya nani?

Ukitembea Busia mjini kuelekea mpakani, hebu tazama mabango. Saluni: msichana wa Marekani. Kinyozi: kijana wa huko huko. Wewe uliyeyatengeneza unajua ulikoyatoa. Templeti ya bure, ukabadilisha jina na namba ya simu, ukalipwa soo mbili. Sikulaumu, kodi ya nyumba haingoji.

Lakini nikusimulie kuhusu Terry Hirst. Alikuja Kenya kutoka Uingereza mwaka wa 1965, mwalimu wa sanaa. Mwaka wa 1973 yeye na mwanahabari Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la vichekesho, Joe. Sura ya jarida ilikuwa kazi ya Hirst: jalada, vibonzo, mwonekano wa kurasa. Na huyo Joe alikuwa nani? Mwananchi wa kawaida wa Nairobi, anayehangaishwa na mji huku akiucheka. Ng'weno aliondoka, akaanzisha The Weekly Review mwaka wa 1975. Hirst akabaki na Joe hadi jarida lilipokufa 1979. Baadaye akachora Pichadithi, ngano zetu kwa vibonzo.

Najua utauliza: kwani ni Mzungu atufundishe kujichora? Haki yako. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo miaka na mikaka bila kufundishwa na Hirst. Ila Hirst namtaja kwa sababu alikuja mgeni, ikabidi awaangalie watu kwanza ndipo achore. Wewe umezaliwa hapa na huwaangalii.

Na hapa kuna watu! Neno bodaboda lenyewe lilitoka mpakani huku, baiskeli zikivusha abiria kutoka boda hadi boda. Nenda Malaba uone madereva wakipika kando ya malori foleni isiposonga. Wabadilishaji pesa na mabunda yao ya shilingi za Kenya na za Uganda. Mama wa samaki na beseni kichwani. Hakuna hata mmoja wao aliye kwenye bango lako.

Soo mbili haitoshi kulipa mpiga picha, sawa. Lakini simu unayo. Mwenye saluni akikuita kesho, mwombe dakika kumi umpige picha msusi wake akiwa kazini, akikubali. Kisha andika jina lako pale chini kwenye kona. Hirst aliandika lake.