Kuruta Apelekwe Bustani ya Nyanza

Ndugu askari, wengi hupita makutano ya Sonatubes, Kigali, bila kusimama. Mwezi Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 2,000 waliifanya shule ya ETO Kicukiro kuwa ngome yao, kwa sababu ililindwa na askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 walinzi hao wakaondoka. Wakimbizi wakashika njia ya uwanja wa Amahoro. Hapo Sonatubes wakazuiwa, wakageuzwa, wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Waliowazuia nao walivaa sare. Leo kilimani pana bustani ya kumbukumbu. Sisi twashauri kila kuruta apelekwe huko kwa miguu kutoka Sonatubes, wala si kwa lori, kabla ya kukabidhiwa bunduki.