Gari la Kale Lisivuliwe Viraka Vyake

Kumezuka mtindo hapa Nairobi wa watu kununua Land Rover kuukuu, hasa zile za pikapu, na kuzifufua nyumbani kwao. Mtindo huo naupenda, na mimi mwenyewe ni mmoja wa walioambukizwa. Hata hivyo, lipo jambo moja ndani yake ambalo linanikera, na leo naomba nafasi nilitoe waziwazi. Wengi wa wenzangu wakishalipata gari, kazi ya kwanza wanayoifanya ni kung'oa kila kiraka kilichowahi kutiwa na fundi wa Kenya, ili gari lionekane kama lilivyotoka kiwandani Uingereza. Nionavyo mimi, mwenye kufanya hivyo amelizika gari alilolinunua na kuleta jingine mahali pake.

Pikapu yangu ni Series III ya mwaka 1974, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Imekaa uani kwangu hapa Satellite, upande wa barabara ya Kabiria, juu ya magogo manne, imevuliwa milango na madigadi kama kuku aliyenyonyolewa. Niliinunua kwa mkulima mmoja wa Githunguri, ambako kwa miaka mingi ilibeba kahawa, mitungi ya maziwa na, kama alivyonieleza mwenyewe, maharusi watatu na majeneza yasiyohesabika. Wapita njia huchungulia langoni. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao hawakosi. Mmoja alikuja na mizani yake begani, akaniuliza naiuza shilingi ngapi kwa kilo.

Kwa faida ya msomaji asiyeyajua magari haya, nieleze kidogo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, kikigawanywa kwa kipimo. Kwa hiyo wenye kiwanda cha Rover waliunda bodi kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, madini ambayo haikuwa taabu kuyapata. Bodi kama hiyo haishiki kutu. Lakini chesisi ilibaki ya chuma, nayo ni mrija wa pembe nne ulio wazi ndani. Tope likiingia humo halitoki. Huu udongo wetu mwekundu wa Kiambu na Dagoretti hukaa ndani ya chesisi na unyevu wake msimu mzima, na kutu huanza kuila kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Ndiyo maana fundi mwenye akili haitazami chesisi kwa macho. Huigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

Gari hili halikuja kwetu kama rafiki. Liliwabeba polisi na maofisa wa mkoloni, na katika miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, wapo wazee katika sehemu hizi ambao waliposikia mlio wake waliingia kahawani kujificha. Baada ya Uhuru likageuka gari la mkulima, la daktari wa mifugo, la padri na la askari wa wanyama. Hata marais wetu wamesimama juu ya Land Rover iliyo wazi wakiwapungia watu mkono katika sherehe za taifa. Ni machache kati ya magari yaliyoingia nchi hii ambayo yameonja pande zote mbili namna hiyo.

Sasa tuje kwenye viraka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kupata spea halisi kulikuwa shida kubwa. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mwenye kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo alihitaji leseni ya serikali, utaratibu uliodumu hadi milango ilipofunguliwa mwaka 1993. Gari la mkulima likivunjika springi mwezi wa mavuno, halikuweza kungojea meli. Lilipelekwa kwa mafundi wa Grogan, barabara ambayo siku hizi inaitwa Kirinyaga ingawa watu wamekataa kuliacha jina la zamani, au kwa fundi wa soko la karibu mwenye mtungi wa gesi na kipande cha reli cha kufulia vyuma. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa ripoti juu ya Kenya, ikasema wazi kwamba watu hawa wa kazi ndogo ndogo, ambao serikali ilizoea kuwafukuza, walikuwa wakijenga uchumi. Sisi tulikuja kuwaita Jua Kali.

Kazi yao nimeikuta ndani ya pikapu yangu, na kila nikifungua sehemu mpya nakutana na mtu nisiyemjua. Digadi la kushoto si la kiwandani. Lilifuliwa kwa mkono kutoka bamba bapa la aluminiamu, na ukilipapasa kwa ndani unasikia alama za nyundo, ndogo ndogo, zimepangwa kwa safu kama mishono ya mkeka. Kiti cha dereva kilikatika springi zake, na mtu akafuma kamba za tyubu ya tairi kama vile watu wanavyofuma kitanda. Nimekalia viti vya magari mapya vinavyoumiza mgongo kuliko hicho. Juu ya mlango wa kulia, mahali palipooza, pana kipande cha mbao kilichochongwa kufuata pindo la kioo kwa usahihi wa seremala wa makabati. Na sakafu ya nyuma ina kiraka kikubwa kilichokatwa kutoka pipa la mafuta, rangi ya kampuni ya mafuta ingali inaonekana upande wa chini.

Hicho kiraka cha pipa ndicho kilichozua ubishi. Alikuja kwangu mgeni mmoja, bwana mwenye magari mawili ya kale yanayong'aa, aliyezoea kwenda kwenye mashindano ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Alizunguka pikapu yangu mara mbili mikono nyuma, kisha akasema kwa upole, "Bwana, haya yote tupa. Digadi agiza Uingereza, sakafu agiza Uingereza. Gari liwe safi." Nilimkaribisha chai, lakini moyoni nilikataa, na bado nakataa.

Ni kweli, na yeye alikuwa na haki kusema, kwamba kiraka kile kilikuwa na kosa. Chuma na aluminiamu havipatani. Vikigusana na maji yakapita katikati, hutokea jambo lile lile linalotokea ndani ya betri: umeme mdogo hupita, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kando kando ya kiraka sakafu ilikuwa imegeuka unga mweupe. Lakini dawa yake haikuwa kutupa. Tulikifungua kiraka, tukakata sehemu iliyooza, tukatia aluminiamu mpya, kisha tukarudisha pipa letu mahali pake huku tumelitenga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kila ribiti imepakwa rangi kabla ya kupigwa. Maji yakiingia leo hayatakuta njia. Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi mbili na gharama yake haikufika hata robo ya nauli ya kuleta sakafu mpya.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kilichofanywa na fundi wetu ni kitakatifu. Breki si mahali pa kuhifadhi historia. Gari hili lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na nilikuta mrija mmoja wa breki umefungwa kwa waya na sabuni. Huo niliutupa siku ile ile, na mirija yote ni mipya. Chesisi nayo, pale nyundo ilipotoa sauti ya kibuyu, tumekata na kuchomelea chuma kipya kinene, wala sikuona huruma. Barabarani kuna watoto wa shule. Lakini digadi lililofuliwa kwa mkono halimuui mtu, na kiti cha kamba za tyubu hakimgongi mtu. Kuving'oa hivyo ni kwa ajili ya fahari tu.

Watu wengine huniuliza juu ya injini. Hii yangu bado ina ile ya petroli ya lita mbili na robo, inayokunywa kama ngamia aliyetoka safarini, na majirani wananishauri niipe injini ya dizeli ya Kijapani kama walivyofanya wengi. Sina ugomvi nao. Kama mkulima wa Githunguri angeibadilisha zamani ili kahawa ifike kiwandani, ningeiacha na kuitunza, maana ingekuwa sehemu ya maisha ya gari. Ila mimi sina kahawa ya kufikisha. Injini iliyopo inawaka, basi na iwake.

Jambo lenyewe ni zito kuliko rangi na ribiti. Kwa kawaida sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo Land Rover kuukuu tulizo nazo ndizo hizo hizo. Kiwanda cha Solihull kilifunga ukurasa wa muundo huo wa zamani tarehe 29 Januari 2016. Kila moja inayopimwa kwa kilo imekwenda. Na kila moja inayosafishwa mpaka haina alama ya mkono wa Mkenya, nayo pia, kwa upande wetu, imekwenda. Ukitaka kuona Land Rover kama ilivyotoka kiwandani, Waingereza wanazo tele na wanazitunza vizuri. Lakini digadi lililofuliwa wakati spea hazipatikani, Mwingereza hana. Hakuna jumba la makumbusho lililoandika majina ya mafundi wale. Kazi yao imebaki juu ya magari tu.

Mzee anayenisaidia alijifunza kazi Grogan akiwa kijana, kwa kushika taa usiku huku bwana wake akifanya kazi. Digadi lile alipolishika alilipindua, akalitazama kwa ndani muda mrefu, akasema, "Huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto." Nilimwuliza amejuaje. Akanionyesha mwelekeo wa alama za nyundo. Kijana tuliye naye, mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo, alilichukua digadi kutoka mikononi mwa mzee na kulitazama upya. Tangu siku hiyo hajaacha kuuliza maswali. Je, angeuliza nini kama tungeagiza digadi jipya ndani ya sanduku?

Nafasi za kazi ya namna hii zinapungua. Hapa Satellite ploti zilizokuwa na ua na mti wa parachichi zinageuka ghorofa moja baada ya nyingine, na mpangaji wa ghorofa ya nne hana mahali pa kuegemeza hata baiskeli. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa, mafundi waliokuwa kandoni mwake walilazimika kuhama. Kwa hiyo wewe mwenye ua na gari kuukuu, unayo shule mkononi. Mwite mzee mmoja, mwite kijana mmoja, walipe wote wawili. Kijana akishajua kazi, mlipie ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, ili apate karatasi ya kuonyesha mahali ambapo watu hawaamini mikono.

Na kabla hujang'oa kiraka chochote, kipige picha, uandike kilikuwa wapi na kilifanya kazi gani. Mimi nimeweka daftari la shule, la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una digadi la fundi wa mkono wa kushoto. Wa saba ni kiraka cha pipa, na kijana ndiye aliyekichora. Jumamosi ijayo tunafungua giaboksi, kwa sababu gia ya tatu inaruka ukiteremka mlima, na mzee anashuku kwamba kuna mtu aliyewahi kuingia humo kabla yetu.