Uhuru Ilipaa Kutoka Ngomeni

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa ukimalizika nilikuwa Kitengela kwa mpwa wangu. Jioni tukatoka kwa gari, tukaupita mji wa Kajiado, kuutazama mwezi mwandamo. Kitengela taa zimezima nyota. Kule nyikani Kilimia bado huonekana. Mtoto wake akaniuliza: "Babu, na sisi tumewahi kurusha kitu huko juu?"

Nikamwambia ndiyo, tena kutoka kwetu pwani, kusini kidogo ya ikweta. Tarehe 12 Disemba 1970, baharini Ngomeni, karibu na Malindi, roketi ya Marekani iliondoka kwenye jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Miale hiyo kutoka angani huzuiwa na hewa isifike ardhini, ndipo chombo kikalazimika kupanda. Siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu, basi kikaitwa Uhuru. Kilifanya kazi hadi Machi 1973, kikatuachia orodha ya vyanzo 339 vya miale. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Baba mtu, mzaliwa wa Malindi, alikuwa kasikiliza kimya. Wallahi, naye hakuyajua!

Manahodha wetu walizisoma nyota kama sisi tulivyosoma juzuu chuoni. Wizara ya Elimu na iitie habari hii vitabuni, na shule za Kajiado zipewe darubini kabla taa za Kitengela hazijafika huko.